Vikombe vya Kauri Vibebavyo Nyaya za Umeme, na Jinsi Vinavyojaribiwa



Mtu apitaye chini ya njia kuu ya umeme, ile ichukuliwayo na minara ya chuma, akiinua macho ataona ya kuwa nyaya hazigusi mnara hata mahali pamoja. Baina ya mkono wa mnara na waya pananing'inia mnyororo wa vitu vya kahawia au vya kijivu, kimoja chini ya kingine, mfano wa visahani vilivyofunikwa kifudifudi. Vitabu vya ufundi huviita vihami, lakini watu wengi huviita vikombe, nasi tutafuata desturi ya wengi. Jina hilo lina haki yake, maana vitu hivyo ni ndugu wa bakuli na birika ya chai: vimetengenezwa kwa udongo uliochomwa tanurini mpaka ukawa kauri.

Kazi zao ni mbili. Kwanza, kubeba waya pamoja na upepo uupigao. Pili, kuuzuia umeme usishuke mnarani ukaingia ardhini. Kikombe kikishindwa kazi ya kwanza, waya huanguka, na huenda ukalala majanini ungali na umeme ndani yake, katika njia ya mchungaji na ng'ombe zake. Kikishindwa kazi ya pili, mji huingia gizani, na chumba cha kupasulia wagonjwa huingia gizani pamoja na nyumba za starehe. Tena ubaya wa kauri ni huu, kwamba kikombe kibovu na kikombe kizima hufanana kabisa machoni. Ufa huwa ndani, chini ya kofia ya chuma, mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo sababu watu wamejitahidi sana kutafuta njia za kukihoji kikombe kabla hakijapandishwa juu ya mnara.

Mwaka 1891 Wajerumani walifanya maonyesho ya umeme katika mji wa Frankfurt, wakaleta umeme kutoka maporomoko ya maji ya Lauffen, katika mto Neckar, mwendo wa kilometa 175 hivi. Volti walizotumia zilikuwa 15,000, na katika majaribio waliongeza hata zikafika 25,000. (Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme, kama vile kina cha maji katika tangi kinavyousukuma mchirizi wa bomba.) Kwa siku zile lilikuwa jambo la ajabu. Nyaya zilifungwa juu ya vikombe vya kauri vyenye mfereji wa mafuta upande wa ndani, ili umeme ukitambaa juu ya uso wenye unyevu ukute kizuizi cha mafuta. Mafundi wakaja wakaacha mafuta baadaye, kwa kuwa mafuta hukusanya vumbi na wadudu, wakategemea umbo la kikombe chenyewe. Lakini kila volti zilipoongezwa kikombe kilizidi kuwa kikubwa na kizito, mpaka zilipofika 60,000 hivi kikawa kama kengele ya kanisa, wala hakuna fundi aliyependa kukipandisha juu. Mwaka 1907 Wamarekani wawili, Edward Hewlett na Harold Buck, walileta shauri jingine: badala ya kuusimamisha waya juu ya kikombe kimoja kikubwa, vikombe vidogo vingi vining'inizwe kwa mfuatano. Volti zikiongezeka, mtu huongeza vikombe tu.

Kikombe kilichozoewa zaidi tangu hapo kina upana wa milimita 255 na kimo cha milimita 146. Juu kina kofia ya chuma, chini kina pini ya chuma, na vyote viwili vimeshikwa kwenye kauri kwa saruji. Kofia na pini havigusani. Kati yao ni kauri tupu. Njia ya kilovolti 132, kama ile iliyojengwa katika miaka ya 1950 kuleta umeme wa Owen Falls, Uganda, mpaka Nairobi, huhitaji vikombe tisa au kumi hivi kwa kila mnyororo.

Sasa na tuuangalie udongo wenyewe. Mfinyanzi wa kwetu afinyangapo mtungi wa maji hataki uwe mkavu nje. Maji lazima yapenye kidogo kidogo katika vitundu visivyoonekana, yatoke juu ya uso, yakauke kwa upepo, na kwa kukauka huko yaliyomo ndani hupoa. Mtungi usiovuja hata kidogo si mtungi mzuri. Kwa kikombe cha umeme sifa hiyo hiyo ni kifo. Unyevu ukipenya ndani ya kauri, umeme hupata njia ya kupita, hupasha maji yale moto, na kauri hupasuka. Kwa hiyo kauri ya umeme hutengenezwa kwa udongo mweupe safi, wa namna ile ipatikanayo kwa wingi katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, uliochanganywa na jiwe la kwatzi lililosagwa na jiwe jingine liitwalo feldispa. Katika joto la digrii 1,250 hivi au zaidi, feldispa huyeyuka kama asali, huingia kila pengo baina ya chembe za udongo, kisha hupoa na kuwa kama kioo. Kikiungua sawasawa, kikombe hakinywi maji hata tone. Moto ukipungua, vitundu hubaki; ukizidi, kauri huvimba kwa mapovu ya ndani na kupindika. Pia katika kukauka na kuungua, kikombe hunywea zaidi ya sehemu moja katika kumi ya urefu wake, na upande mmoja ukinywea kuliko mwingine ufa huzaliwa mumo humo tanurini.

Mtu anaweza kudhani kwamba ule utando wa kioo upakwao juu, wa kahawia au kijivu, ndio uzuiao maji. Hasha. Utando hulainisha uso ili mvua iuoshe, na tena huipa kauri nguvu, maana hutengenezwa ili ukipoa uibane kauri kama pete ya pipa. Lakini kauri yenyewe lazima iwe imara bila kuutegemea. Ndiyo sababu jaribio la unyevu hufanywa juu ya vipande vilivyovunjwa, ambavyo ndani yake pako wazi. Vipande hutumbukizwa katika spiriti iliyotiwa rangi nyekundu iitwayo fuksini, gramu moja kwa kila gramu 100, ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa kabisa. Kisha spiriti hukandamizwa kwa nguvu ipatayo mara 150 ya ile ya hewa ituzungukayo, kwa muda wa saa 12. Vipande vikiisha kutolewa, huoshwa na kukaushwa, halafu huvunjwa tena, na ule uso mpya hutazamwa. Kama rangi imeingia ndani, hata kama uzi mwembamba tu, kauri hiyo haifai. Rangi iliyoshika katika nyufa zilizofanywa na nyundo ya kwanza haihesabiwi, na hapo ndipo lihitajikapo jicho la mtu mzoefu, kwa kuwa ufa wa nyundo na ufa wa tanuri hufanana sana kwa asiyejua.

Jambo hili mwalimu anaweza kulionyesha darasani kwa gharama ndogo. Chukua kigae cha chungu na kigae cha kikombe cha chai cha kauri, vitumbukize katika wino usiku mmoja, uvioshe na kuvivunja asubuhi. Kigae cha chungu kitakuwa cheusi mpaka moyoni. Cha kauri kitakuwa cheupe, isipokuwa kama kuna ufa, na ufa huo utaonekana kama mstari uliochorwa kwa kalamu. Sisi tumekwisha kulifanya mara nyingi, na mara zote wanafunzi hugombea kuvunja.

Jaribio la pili ni la joto na baridi, na hili hufanywa juu ya kikombe kizima pamoja na vyuma vyake. Fikirini mnara uliochomwa na jua mchana kutwa, halafu yashuke manyunyu ya ghafula. Chuma, saruji na kauri hutanuka na kunywea kwa vipimo mbalimbali, na vyote vitatu vimefungwa pamoja kama watu watatu katika shati moja. Basi huwekwa mapipa mawili ya maji, moja la moto kulizidi la baridi kwa digrii 70. Kikombe hutiwa katika la moto kwa dakika 15, na kuongezwa sehemu saba za kumi za dakika kwa kila kilo ya uzito wake. Maana yake cha kilo tano hukaa dakika 18 na nusu. Kisha hutolewa upesi na kutiwa katika baridi kwa muda ule ule. Hufanywa hivyo mara tatu. Mwisho hupelekwa katika umeme, kwa sababu ufa uliofanywa na maji hauonekani, lakini umeme huuona.

Na katika majaribio ya umeme kuna jambo moja ambalo mtu asipolifahamu hataelewa lolote. Kikombe chaweza kushindwa kwa njia mbili. Umeme waweza kuruka nje, kwa cheche ipitayo hewani kandokando ya uso wa kauri kutoka kofia mpaka pini. Au waweza kuitoboa kauri yenyewe na kupita ndani. Ukiruka nje, njia hukatwa kwa nukta chache na mashine za ulinzi, cheche huzimika, na kikombe hubaki kizima kama zamani. Ukitoboa ndani, kikombe kimekufa daima. Kwa hiyo fundi hujenga kikombe ambacho makusudi kitashindwa nje kabla hakijashindwa ndani. Kile kikombe cha kawaida tulichokitaja, kikiwa kikavu, huruka nje kwa kilovolti 80 hivi, na kikilowa kwa 50 hivi. Lakini kukitoboa huhitaji 110 au zaidi.

Jambo hilo laleta fumbo zuri. Utakipimaje kile cha 110, ikiwa kila ukifika 80 umeme huruka nje? Jawabu ni mafuta. Kikombe huzamishwa ndani ya tangi la mafuta safi, ambayo huzuia cheche kuliko hewa. Mlango wa nje ukiisha kufungwa hivyo, umeme huongezwa, na kauri hujitetea peke yake. Kikitobolewa chini ya kipimo kilichoagizwa, hakifai.

Kwa jaribio la mvua hutengenezwa mvua ya bomba, imwagikayo kwa mwinamo wa digrii 45 hivi, nayo hupimwa kuwa baina ya milimita moja na mbili kila dakika. Maji yenyewe hupimwa pia yanavyopitisha umeme, kwa sababu maji safi mno hukisifu kikombe kwa uongo, na yenye chumvi hukisingizia. Hapo ndipo ionekanapo faida ya mikunjo iliyo chini ya kikombe. Mvua hulowesha mgongo wake, lakini ile mikunjo ya tumboni hubaki mikavu, kama baraza iliyo chini ya makuti.

Radi nayo hairuhusiwi kusahauliwa, nasi tukaao karibu na ziwa la Viktoria twaijua. Mjerumani Erwin Marx alieleza mwaka 1924 namna ya kutengeneza radi ndogo ndani ya nyumba. Vyombo vingi vya kuweka umeme, viitwavyo kapasita, hujazwa vikiwa bega kwa bega, kisha kwa kufumba na kufumbua hufunganishwa mmoja nyuma ya mwingine, na volti zao zote hujumlishwa. Pigo litokalo hufika kileleni kwa sehemu moja na moja ya tano ya milioni ya nukta, na kushuka hata nusu yake kwa sehemu 50 za milioni. Kikombe hupigwa hivyo mara 15, wala hakiruhusiwi kuruka zaidi ya mara mbili.

Kisha huja jaribio ambalo kwa maoni yetu ndilo gumu na la haki kuliko yote. Kikombe hufungwa katika mtambo wa kuvuta, na wakati uo huo hutiwa umeme. Mvuto huongezwa polepole. Kama kauri ikipasuka ndani ya kofia, huenda chuma kikaendelea kushikilia, na mtu atazamaye mvuto tu angesema bado kizima; lakini umeme hupita pale pale na kumshtaki. Vikombe hutajwa kwa nguvu hiyo: vipo vya kilonyutoni 70, yaani uzito upatao tani saba, vipo vya 120, na vikubwa zaidi. Mhandisi mwangalifu hatazami wastani peke yake. Vikombe kumi vilivyokatika vyote karibu na tani tisa ni bora kuliko kumi ambavyo vingine vilikatika kwa tani 12 na kimoja kwa saba na robo, maana huyu mmoja ana ndugu zake katika masanduku yasiyofunguliwa.

Hata hivyo, vikombe vingi vya mwanzo wa karne ya 20 vilishinda majaribio ya kiwandani vikafa mnarani baada ya miaka michache. Watu wakailaumu kauri bure. Mara nyingi mkosaji alikuwa saruji, ambayo ilipopata unyevu iliendelea kuvimba mwaka baada ya mwaka na kuipasua kauri kwa ndani. Tangu hapo saruji huchaguliwa kwa uangalifu, pini hupakwa lami ili ipate nafasi ya kutanuka, na pameongezwa jaribio la siku nne: kikombe huning'inizwa kwa zaidi kidogo ya nusu ya nguvu zake, na kila siku hupozwa hata digrii 30 chini ya sifuri, kisha hupashwa hata digrii 40.

Je, kila kikombe hupitishwa katika hayo yote? Haiwezekani, kwa kuwa mengi ya majaribio haya huua. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, ambayo iliundwa London mwaka 1906, imeweka utaratibu. Umbo jipya hujaribiwa mara moja kwa ukamilifu. Katika kila fungu linalouzwa huchaguliwa vichache kwa bahati nasibu; fungu la vikombe baina ya 2,000 na 5,000 hutoa 12. Kimoja kikishindwa, jaribio hilo hurudiwa kwa idadi maradufu. Viwili vikishindwa, fungu lote hukataliwa. Lakini kila kikombe bila kubakiza hata kimoja hutazamwa kwa macho, huvutwa kwa sekunde kumi kwa nusu ya nguvu zake, na kutiwa umeme mkali hata cheche ziruke kila baada ya nukta chache kwa dakika tano mfululizo. Chumba hicho hunguruma mchana kutwa, na mara kwa mara husikika mlio mmoja mzito usiofanana na mingine. Hicho ni kimoja kilichotobolewa, nacho huondolewa.

Watu wa pwani wana shida yao peke yao. Chumvi ya bahari hulala juu ya vikombe wakati wa kiangazi, na umande wa alfajiri huigeuza kuwa maji ya chumvi yapitishayo umeme vizuri sana. Kwa ajili yao hufanywa jaribio la ukungu wa chumvi, muda wa saa moja, maji yakitiwa chumvi kuanzia kilo mbili na nusu mpaka 224 kwa mita ya ujazo, kwa kadiri ya ukali wa mahali. Katika hesabu iliyotolewa mwaka 1986, uso wa mnyororo ulipaswa kuwa na milimita 16 kwa kila kilovolti mahali safi, na 31 mahali pabaya kabisa. Tufanye hesabu hiyo: njia ya kilovolti 132, ambayo kipeo chake huhesabiwa 145, ilitaka milimita 2,320 bara na 4,495 ufukoni. Uso wa kikombe cha kawaida, ukifuatwa kwa mikunjo yake yote, ni milimita 292. Basi bara vyatosha vinane, pamoja na kimoja au viwili vya akiba, na ufukoni hutakiwa 16. Mtu aonaye minyororo mirefu karibu na bahari asidhani ya kuwa mhandisi alikuwa na fedha za kuchezea.

Limebaki jaribio la mnarani, ambalo hufanywa huku umeme ukipita. Fundi huchukua fimbo ndefu isiyopitisha umeme, yenye ncha mbili za chuma kama uma, akagusisha ncha moja juu na moja chini ya kikombe kimoja. Kikombe kizima hutoa mvumo, kama nyuki ndani ya debe. Kilichokufa hunyamaza. Vikombe havibebi mzigo sawasawa. Kile kilicho karibu na waya hubeba zaidi, kwa hiyo mvumo wake huwa mkali, na fundi hulazimika kujua sauti ya kila nafasi. Huhesabu kwa sauti, na mwenzake aliye chini huandika. Idadi ya walionyamaza ikifika kikomo kilichoandikwa kwa njia ile, huiondoa fimbo asiguse hata kimoja zaidi, kwa kuwa kila agusapo kizima hukitoa kazini kwa dakika ile, na waliosalia huenda wasitoshe kuuzuia umeme, naye yuko pale pale mkononi mwa mnara.

Baadaye njia huzimwa, mnyororo hubadilishwa, na kile kilichonyamaza hushushwa kwa kamba. Kwa nje mara nyingi hakina alama hata moja. Hupelekwa katika karakana, kofia hukatwa kwa msumeno, kauri huvunjwa, na vipande hutiwa katika fuksini.